Sosi ya Chupa

Ijumaa, 14 Novemba 1997
Bosi Kasimu, mwenye baa, kashuka na treni ya leo, kabeba katoni kama mtoto mchanga. Ndani chupa, lebo nyekundu, Kizungu kitupu. Sosi ya kupaka nyama choma! Ati hoteli zote kubwa za Dar zinatumia hiyo. Kesho wateja waonje hiyo na yangu, wachague. Mume wangu Didace kacheka — utaishinda tu, Mama Lidia. Yeye anachoma nyama, mimi napika sosi, tangu baa hii ifunguliwe hapa Shanwe. Nimepika mpya: nyanya, ukwaju, pilipili, asali ya Inyonga.

Jumamosi, 15 Novemba
Nilionja yao kwanza, jikoni, peke yangu. Nilitaka iwe mbaya. Si mbaya! Ina moshi ndani — moshi, kwenye chupa! Halafu siki, inakamata taya. Mwishoni utamu wa kunata kama peremende. Pilipili hakuna kabisa. Yangu inauma kwanza, ukwaju unafuata. Nikajipa moyo.

Theopista, mhudumu, akapitisha visahani bila kusema ipi ni ipi. Mwandu, yule muuza ng'ombe, alipiga meza: hii hapa! Ya chupa. Wengine wakamfuata. Sawa, wateja ni wateja. Lakini Bosi akamwita Didace naye aonje. Akaonja. Akanitazama. Akainyooshea kidole ile ya chupa.

Mbele ya watu wote!

Jumapili, 16 Novemba
Tumetoka kanisani. Njiani nikamuuliza kwa nini hakuchagua yangu. Ati alijua ipi yangu. Ati Bosi alikuwa anamkodolea macho, ulitaka nifanyeje? Tukafika nyumbani ndipo akaongeza: na kweli ile ni tamu, tuseme ukweli.

Nimemtengea ugali na chumvi. Amekula.

Jumanne, 18 Novemba
Sasa nakata kachumbari na kuosha vyombo. Sufuria yangu wanachemshia supu ya makongoro.

Jumatano, 14 Januari 1998
Mvua, mvua, mvua. Reli imekatwa na maji, treni haiji. Sukari imeadimika. Na chupa zimekwisha! Bosi kaja jikoni mwenyewe, sauti ya chini. Mama Lidia, pika ile yako, jaza kwenye chupa tupu. Wateja wasijue. Na mumeo asijue, yule hana breki mdomoni.

Nilitaka kumwambia apike mwenyewe. Nikasema, sawa Bosi.

Jumamosi, 17 Januari
Nimepika vile vile ninavyopika siku zote. Pilipili ile ile. Sikuficha kitu. Nikajaza chupa, nikapangusa lebo vizuri.

Baa imejaa. Mwandu kaagiza sahani ya pili, anatoka jasho la pua, ati mzigo huu mpya wa Dar ni mkali kuliko wa kwanza. Haya. Mwandu si mume wangu.

Didace kapaka nyama, kalamba kidole. Nikasimama namtazama. Nilijua sasa atageuka. Kalamba tena. Kageuka kweli, kanishikia chupa mbele ya uso, kwa sauti ya watu wote: mke wangu, Wazungu wametuzidi, onja ujifunze! Watu wakacheka. Bosi hakucheka, alikuwa ananiangalia mimi.

Basi Novemba alinidanganya. Hakujua ipi yangu. Miezi miwili namchukia kwamba alinijua akanikana. Kumbe hajui! Miaka kumi na moja nampikia, na hajui.

Sikuonja. Nimekuja huku nyuma, nimekaa kwenye kreti, naandika. Sufuria ya sosi iko wazi mbele yangu, chupa tupu pembeni. Didace anaita — Mama Lidia, lete nyingine! Theopista anamwambia ngoja nikuchukulie. Hataki. Anakuja mwenyewe, nasikia ndala zake kwenye maji. Mfuniko uko hapa hapa mkononi. Sifuniki