Machozi ya Dada kwa Mama wa Watu

Ijumaa. Joto limeshika tangu alfajiri, nami nimerudi nyumbani na kichefuchefu kisichotokana na chakula.

Tumekula mchana kwa dada yangu Zuwena, mtaani kwake Al Khoudh. Wageni walitaka habari za safari yetu ya Sri Lanka, tulikokwenda kukaa kwenye monasteri ya Kibudha ndani ya msitu. Daktari alimwambia dada atafute utulivu, presha inamsumbua. Hatukwenda kubadili dini. Sala zetu tulisali, na wala hakuna aliyetutupia jicho.

Zuwena kwa kusimulia hajambo. Watawa wa kule hula mara moja kwa siku, kabla ya adhuhuri, tena kile wanacholetewa na watu. Siku moja ilikuja familia kuwalisha kwa ajili ya mama yao, aliyetimiza miezi mitatu tangu afariki. Dada akaomba naye apakue. Akashika upawa wa wali, akalia kwikwi kwa mama asiyemjua hata jina.

Nilikuwepo. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Maana aliyekuwa akitupitishia kahawa na halwa ni Kumari, mfanyakazi wake wa ndani, Mbudha wa hukohuko. Amefiwa na mama yake, hakuwahi kumzika. Miezi mitatu inatimia wiki ijayo, na anachoomba ni ruhusa ya siku chache akawalishe watawa wa kijijini kwao. Pasipoti yake imo kabatini kwa dada.

Nikasema mbele ya wageni: "Dada, basi Kumari naye aende akampakulie mama yake."

"We nawe! Na harusi ya mwanangu hii, nnamuachaje aende? Ntatuma sadaka mimi. Kwani lazima awepo?"

Wageni wakamsifu kwa moyo wake mkunjufu. Kumari akakusanya vikombe, akaingia jikoni.

Nyani haoni kundule, lakini huyu wetu alikwenda mpaka msituni akalililia la mwenzake! Na mimi nikaimaliza halwa yangu kwa kuwaonea haya watu.

Kesho narudi, bila ya wageni. Nitamwambia: Kumari asiposafiri, harusini usinitazamie. Atanuna, na mama atanipigia simu kunigombeza.

Alhamdulillah, sisi bado tunaye wa kutugombeza.