Siku Ishirini na Tatu za Mwalimu Ramokate

Mwaka umetimia leo, Rra, mzee wetu, tangu Alhamisi ile uliposema chai imepoa, ukakiweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha, na ukatutoka kabla Mama hajarudi na birika. Tunakuandikia gazetini kama watu wengine wanavyowaandikia wa kwao, ingawa wewe ulikuwa ukizisoma kumbukumbu hizi na kalamu nyekundu mkononi, ukihesabu makosa. Boikanyo, binti yako, ndiye anayeandika. Sisi wengine tumesimama nyuma ya kiti chake tunamsahihisha.

Ulifundisha jiografia hapa Kanye miaka thelathini na moja. Kwa kipande kimoja cha chaki, bila kufungua kitabu, uliuchora Mto Orange kuanzia milima ya Lesotho mpaka baharini, na mtoto aliyecheka ulimwita mbele aje amalizie vijito. Wako madereva wa malori nchi hii ambao hawajawahi kupotea njia kwa sababu yako. Wewe mwenyewe hukwenda popote. Mpaka uliuvuka kwenda Mafikeng kununua matairi tu, na jioni ulikuwa umesharudi kwenye ugali wako wa mtama na maziwa ya mgando.

Mama alikuomba miaka ishirini umpeleke Namaqualand, ng'ambo ya mpaka, akayaone maua yanayofunika jangwa kila majira ya kuchipua. Kila mwaka ulimjibu kwamba maua ni maua, na vitanda vya nyumba za wageni vinanuka miguu ya watu. Hatusemi hivi kwa ubaya. Ulikuwa mume mwema. Ulimpigia pasi sare zake za ukunga wanaume wenzako wakikucheka, na alipokuwa zamu ya usiku ulimfuata kwa miguu kumrudisha nyumbani. Kusafiri tu ndiko kulikokushinda.

Mwezi wa nne Boikanyo alimpeleka Mama Gaborone kwa daktari wa macho. Daktari aliona doa katikati ya jicho la kulia, na la kushoto linafuata njia hiyohiyo. Mama akamuuliza habari ya maua. Ya mwaka huu atayaona, daktari alisema. Ya mwakani hakutaka kuyazungumzia. Wakati wa kurudi, gari likikaribia Moshupa, Mama alimgeukia Boikanyo.

"Basi twende kwenye maua," akasema. "Na habari ya macho usimwambie mtu. Sitaki kwenda kwa kuonewa huruma."

Boikanyo anafanya kazi benki na hupenda mambo yaliyonyooka. Siku ya pili alileta ramani, akaitandika juu ya meza yako. Alikuwa amepanga waende kwa ndege mpaka Cape Town, wakodi gari, kisha wapande nalo kuelekea kaskazini, mji baada ya mji. Alisoma mpango mzima kwa sauti, na Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mtoto wa nani?" Mama akauliza.

"Wako, mma."

"Na wa Mwalimu Ramokate? Angekusikia angekufa mara ya pili. Jua letu linapita upande gani?"

"Kaskazini."

"Na ua linatazama wapi?"

"Jua," Boikanyo akasema, akiinamia ramani.

"Tukitokea kusini tutaona visogo tu. Niende mbali kote huko nikaangalie visogo? Visogo nimeviangalia kanisani miaka arobaini, nyuma ya kofia ya mke wa mchungaji."

Walicheka wote wawili, na mpango ukageuzwa juu chini. Wangekwenda kwa gari la nyumbani kupitia Ramatlabama, walale Kuruman usiku mmoja na Upington mmoja, halafu Springbok, Kamieskroon na Nieuwoudtville, kila mahali siku mbili, jua likiwa mgongoni muda wote. Usiku nane, vitanda vitano, kabla ya kugeuza gari. Mama, aliyeamka saa kumi alfajiri maisha yake yote, aliagiza wasitoke chumbani kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa ulimfundisha kwamba maua hayo hayafunguki mpaka jua lipate moto. Walihesabu kwamba mwaka wako unatimia tarehe ishirini na nane Agosti. Siku hiyo Mama angevuliwa nguo za ujane, na kesho yake wangeondoka.

Mwezi wa sita alikuja dada yako, Gosego. Yeye ndiye aliyemvika Mama zile nguo nyeusi, na kwa mila yetu yeye ndiye wa kuzivua. Aliingia na mfuko wa karanga, akaikuta ramani mezani.

"Mnakwenda vitani?"

"Tunakwenda kutembea, Shangazi," akasema Boikanyo. "Agosti, nguo zikishavuliwa."

"Nani kakuambia zinavuliwa Agosti?"

"Mwaka unatimia tarehe ishirini na nane."

"Mwaka wa nani huo? Mtu hafi siku anayokata roho, mwanangu. Anakufa siku udongo unapomfunika. Nguo hizi nilimvika mama yako Septemba ishirini, kwa mikono hii. Haya, wewe wa benki, hesabu."

Boikanyo alihesabu. Ulikaa chumba cha maiti siku ishirini na tatu, Rra, ukimngoja mwanao Tumisang apewe ruhusa kazini kwake Kanada. Wakati ule hakuna aliyedhani siku hizo zitakuja kudaiwa. Na mwenye nyumba ya wageni ya Kamieskroon alikuwa ameshaandika kwamba ikifika katikati ya Septemba upepo wa moto kutoka bara huyakausha maua yote.

"Ni siku ishirini na tatu tu, Shangazi."

"Tu? Kaka yangu amekuwa nguo za mtumba, apunguzwe? Mjane alale vitanda vitano, nguo nyeusi mwilini, avuke mpaka na kifo awapelekee watu wasiomjua? Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo mnavyotaka?" Akamgeukia Mama. "Wifi, wewe unasemaje?"

Mama alikuwa akimenya kunde. "Wewe ndiye unayevisha na kuvua," akasema.

Boikanyo alifungua mdomo aseme habari ya macho. Chini ya meza Mama akamkanyaga mguu kwa nguvu, na Boikanyo akafunga mdomo.

Tumisang alipiga simu akasema waende tu, nani atajua. "Kanye nzima," Boikanyo akamjibu. Boikanyo alikuwa na hasira na shangazi yake, na hasira na kaka yake, na nyingine amekiri ilikuwa juu yako wewe, kwa ile miaka ishirini. Tumemwambia aiandike hivyohivyo.

Julai dada yako alirudi na vipande viwili vya kitambaa cha leteisi, kimoja cha bluu na kimoja cha kahawia, kwa ajili ya vazi jipya la Mama la siku ya kuvuliwa. Mama alivipapasa, akavisifu vyote viwili. Gosego ana miaka sabini na miwili lakini hapitwi na kitu. Alikunjua kile cha kahawia, akakishika mbele ya Mama.

"Hiki cha bluu umekipenda?"

"Nimekipenda sana, wifi. Bluu yake imekolea."

Gosego alikishusha taratibu.

"Tangu lini?"

Mama aliona hakuna pa kujificha. "Aprili."

"Aprili! Na mimi nikae nisubiri kutangaziwa redioni?"

"Ningekuambia, ungenivua kwa huruma."

"Ningekuvua kwa huruma, ndiyo. Huruma imekuwa haramu tangu lini?"

"Nisikilize, wifi," Mama akasema. "Mwaka mzima nikiinamisha kichwa naona nyeusi. Kuivaa sioni haya. Nimempenda nduguyo kuliko alivyozipenda ramani zake, nawe unajua alivyozipenda. Lakini macho haya yanafunga. Sitaki siku yakifunga nyeusi iwe ndiyo niliyobaki nayo."

Dada yako alikaa akikunja vile vitambaa na kuvikunjua. Tulidhani anatafuta la kujibu. Kumbe alikuwa analia.

"Unajua kwa nini nahesabu?" akasema. "Wewe ukipita njiani na nguo hiyo, watu wanasimama wanauliza, nani aliyekufa? Wanaambiwa, Mwalimu Oteng Ramokate. Kila siku kuna mtu analitaja jina lake. Siku ukiivua hakuna atakayeuliza tena. Sina kaka mwingine mimi."

Miaka yote hii tumemwita mkali, Rra, hata wewe ulimwita hivyo. Siku ile tulimwonea uchungu, na Boikanyo alijuta maneno aliyokuwa ameyasema jikoni juu yake.

Alipomaliza kulia alipenga kamasi kwenye kile kitambaa cha kahawia, akasema, "Agosti ishirini na nane, alfajiri. Lakini siku za kaka yangu siziibi. Mwandikieni gazetini ajue ni nani aliyezikata, asije akamlaumu mkewe."

"Na hizo zilizobaki, Shangazi?" akauliza Boikanyo.

"Nguo msizichome. Nitazivaa mimi, nizimalize siku zake."

"Haijawahi kutokea."

"Watu wa hapa wakitaka kujua kama jambo limewahi kutokea, wanamwendea nani?"

Wanamwendea yeye.

Kwa hiyo tunakuarifu. Leo kabla jua halijatoka, uani kwako, dada yako amemvua Mama nguo za ujane. Mama amevaa leteisi ya bluu, ya kweli. Kesho asubuhi yeye na Boikanyo wanashika njia, nao watakaa huko mpaka Mama aseme ameshiba kuona.

Gauni jeusi limefumuliwa ubavuni na kushonwa upya, maana Gosego ni mnene kuliko wifi yake. Amelivaa saa kumi na mbili na robo. Atakaa nyumbani kwako mpaka tarehe ishirini Septemba. Hatapeana mkono na mtu, na jua likizama atakuwa ndani. Mchana atapita njia ya sokoni, polepole, na tunajua watu watamsimamisha wamuulize ni nani aliyekufa.

Ni sisi: mkeo Keneilwe, watoto wako Boikanyo na Tumisang, na dada yako Gosego.

Hatujakusahau, Mwalimu. Tumepokezana tu.