Nililegeza Nati Ili Niitwe

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla sijaharibu bomba jingine humu ndani.

Mimi ni fundi bomba, au niseme nilikuwa, maana maisha yangu yote nimeyamaliza nikiwa nimepiga magoti chini ya masinki ya watu, mpaka magoti yenyewe yakasema basi, na daktari akanikataza kabisa kuinama, kupanda ngazi wala kubeba kitu kizito, kijana wangu wa kwanza akachukua kazi pamoja na mkoba wa vifaa, nami nikabaki sebuleni kama kabati. Mke wangu ni mwema, simsemi, lakini kila nikiinuka ananiambia, "Baba watoto, kaa tu, nani kakutuma?" na hilo "kaa tu" linanichoma, Shangazi, linanichoma kuliko magoti.

Sasa sikia nilichofanya. Juzi mke wangu alipotoka kwenda dukani nilichukua spana, nikajikunja kwa taabu mpaka chini ya sinki la jikoni, nikalegeza nati ya bomba ambalo nililifunga mwenyewe na halijawahi kudondosha hata tone, nikarudi kwenye kiti changu, nikafungua gazeti, nikasubiri kuitwa. Mke wangu akarudi, akakanyaga maji, akapiga ukelele, nami nikaanza kuinuka kifua mbele, kumbe mwenzangu ameshatoa simu anamwita kijana! Kijana akaja, akaingia chini ya sinki, akaishika nati, halafu akatoa kichwa akaniangalia, na mimi nikaliangalia gazeti, maana nati ile haiwezi kulegea yenyewe na aliyemfundisha kujua hivyo ni mimi. Mama yake akauliza, "Vipi, limekufa?" Akajibu, "Hapana mama, ni uchakavu tu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba huyo kijana amepata mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, na Jumapili hii anapelekwa kanisani kutolewa shukrani kwa Mungu, na mchungaji amesema babu ndiye ambebe mpaka mbele na kusema maneno ya shukrani. Nimekataa. Miaka yote nimefundisha darasa la wanaume pale kanisani, na somo langu lilikuwa hilo hilo, kwamba Mungu alimuumba mwanadamu afanye kazi na asiye na kazi anajaza kiti tu, na watu wakaitikia amina. Leo anayejaza kiti ni mimi. Nitasimama mbele yao kama nani? Kijana anasema bila mimi mtoto haendi, mke wangu analia, ananiuliza, "Hivi huyu mtoto kakukosea nini?" na hajanikosea kitu, Shangazi, yeye shughuli yake ni kulala, kunyonya na kuchafua nepi, na akinishika kidole nyumba nzima inacheka na mimi machozi yananitoka. Niambie, Mungu aliniumba kwa ajili gani? Na kama ni kazi, kazi imekwisha, sasa ananiweka wa nini?

Ni mimi,
Fundi wa Magoti Mabovu

*

Shikamoo, mzee wangu. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu yanayofuata hayana adabu sana.

Nimecheka. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. Mtu mzima na mvi zako unajikunja chini ya sinki kuharibu bomba lako mwenyewe! Lakini pole. Najua kilichokuingiza kule hakikuwa utundu, kilikuwa hofu. Unaogopa kwamba siku usipohitajika, ndiyo umekwisha. Hofu hiyo inauma, na wanaume wengi wanaficha uchungu wake nyuma ya gazeti kama wewe.

Ila lile somo lako nalo lina nati iliyolegea. Hebu tulifungue. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, siyo? Na siku ya saba Mungu akapumzika. Sasa nikuulize wewe mwalimu: siku nzima ya kwanza ya mwanadamu hapa duniani ilikuwa siku gani? Siku ya mapumziko! Hajalima hata tuta moja, hajang'oa gugu, hajastahili chochote, na tayari ameketi na Muumba wake wanafurahia dunia mpya. Bustani alikabidhiwa, ndiyo, na kazi ni heshima kubwa, wala sitaki mvivu yeyote akate ukurasa huu akamwonyeshe mkewe. Lakini kazi ni zawadi aliyopewa mtoto wa nyumbani, haikuwa kiingilio cha mlangoni.

Wala usidhani Mungu alituumba kwa sababu alipungukiwa. Hakuwa mpweke akitafuta wa kuzungumza naye. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu walipendana kabla jua halijawaka. Hakukosa wafanyakazi pia. Aliyesema neno vitu vikawa, atakosa nini kwako, spana? Wewe unajua tangi humwaga maji kwa juu wakati gani. Likijaa. Upendo wake ulijaa ukafurika, na huko kufurika ndiko kulikotuleta sisi. Alituumba kwa mfano wake ili tumjue, tumpende, tufurahi naye milele, na furaha hiyo yetu ndiyo inayomtukuza. Na tulipomkimbia alimtuma Mwanawe kutufuata mpaka msalabani, akafufuka ili aturudishe. Kibarua akitoroka unaajiri mwingine, mzee. Anayefuatwa hivyo ni mtoto.

Unataka ushahidi? Umeuandika kwa mkono wako. Mjukuu wako hafanyi kazi yoyote, umesema mwenyewe, isipokuwa kuwatafutia wengine kazi ya kufua. Mbona humwambii anajaza kitanda? Na kijana wako alipoikuta ile nati, mbona hakukuaibisha mbele ya mama yake? Alikusitiri. Hakumsitiri fundi, fundi sasa ni yeye. Alimsitiri baba yake. Umezungukwa na watu wanaokupenda bure, na wewe unakimbia na spana kutafuta namna ya kulipa!

Sasa fanya hivi. Leo hii mwambie mkeo habari ya nati. Atafoka, kisha atacheka, na hutakaa peke yako na aibu hiyo tena. Halafu mpigie simu kijana, umwambie Jumapili upo. Mchungaji naye mwombe darasa lako mara moja tena, ukalirekebishe lile somo, maana wale wanaume uliwafundisha nusu na baadhi yao nao wana magoti. Kuanzia Jumatatu, ukipenda, nenda kaketi pale kijana anapofanyia kazi umwelekeze. Akili yako haiumwi goti. Lakini nenda kwa raha, siyo kwenda kuomba ruhusa ya kuishi.

Na Jumapili yenyewe, vaa suti. Mbebe mtoto, tembea polepole kama magoti yatakavyo, na wala usione haya kanisa likikusubiri. Ukifika mbele usitaje bomba hata moja. Mwangalie usoni. Hajafunga koki, hajapata cheo, hajui hata jina lake, na unampenda mpaka unatoa machozi. Hivyo ndivyo Mungu alivyokutazama wewe kabla hujashika kifaa chochote, na ndivyo anavyokutazama leo umeketi sebuleni. Basi mnyanyue juu, mzee wangu, mnyanyue wote wamwone, umshukuru Mungu kwa sauti ya mtu asiyedaiwa.

Spana uiache nyumbani.