Safu Iliyoteleza

Jumatatu, 6 Machi
Safu tena leo. Chati ya dawa ya malaria kwa zahanati moja ya Momela. Umri kushoto, vidonge kulia. Watu wazima juu, wanafunzi katikati, watoto wachanga chini. Nimepanga kama gazeti, mstari kwa mstari. Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Bwana Swalehe, tajiri yangu, ameipeleka kwa mpiga chapa kwenye disketi.

Jumatano, 8 Machi
Mafua. Nimechelewa kazini. Gari la zahanati limeshachukua chati.

Alhamisi, 9 Machi
Nakala moja ilibaki mezani. Nimeisoma nikinywa chai.
Kompyuta ya mpiga chapa haina aina ya herufi niliyotumia. Imeweka nyingine, pana zaidi. Mstari wa kwanza wa kulia umevunjika ukawa miwili, safu yote ikateleza chini. Sasa mtoto mchanga anatazamana na dozi ya mwanafunzi. Nusu kidonge imebaki chini peke yake, haina mtu.
Simu ya Momela haishiki. Bwana Swalehe hakufoka. “Mwanangu, funga duka twende.” Mvua. Pikapu ikazama kwenye tope, tukavutwa na trekta kurudi. Naogopa. Sijala.

Ijumaa, 10 Machi
Tumefika! Nilikimbia kutoka getini. Sista Elinipa, muuguzi pekee pale, alitoka ameloa jasho. Nikasahau hata shikamoo.
“Chati ziko wapi?”
“Hata kamba sijakata. Tangu juzi niko na mzazi. Mapacha!”
Nikakaa kwenye benchi nikalia mbele za watu. Bwana Swalehe akavua kofia, akasema alhamdulillahi, akajifuta uso nayo. Bibi wa mapacha akatuletea mtori wa ndizi. Nimekula mabakuli mawili.

Jumamosi, 11 Machi
Nimeanza upya. Si safu za gazeti. Jedwali. Kila umri na dozi yake ndani ya mstari mmoja wa visanduku. Herufi zikinenepa, vyote vinashuka pamoja. Nimesimama kwa mpiga chapa mpaka karatasi ya kwanza ikatoka. Nikasoma kwa kidole. Sawa. Zile za zamani tulizorudi nazo tumezichoma wenyewe.

Jumapili, 12 Machi
Kanisani asubuhi. Mvua imekatika, mlima Meru uko wazi mpaka kileleni. Nimefua. Nimelala mchana, usingizi mzito. Mama hakuniamsha.