Ufunguo wa Papa Lubunda

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu, 1978

Chai. Mukate. Abakosi, koti langu la kazi, imepigwa pasi, sasa tribinali. Mimi nilizaliwa na bahati, niseme nini? Tangu nianze kutetea watu hapa Kalemie sijashindwa hata kesi moja. Avoka wenye diplome wananionea wivu. Masomo niliacha katikati, mudomo sikuacha.

Nimepata muntu mupya: Papa Lubunda, mushoni wa nguo. Ana ugonjwa wa akili. Mara moja moja anasikia sauti, analazwa hospitali, anapona, anarudi kwenye cherehani. Safari hii alirudi akakuta mudogo wake Kisimba amevunja kufuli na kujaza nyumba meza za pombe. Anataka kufungua nganda! Sasa Kisimba anaomba tribinali iseme mukubwa wake hana akili, nyumba iwe mikononi mwake. Tunasikilizwa Ijumaa.

Jumatano, tarehe 8

Nimetunga mupango mutamu. Kukana kila kitu. Ugonjwa gani? Malaria tu. Nikamufundisha Papa Lubunda aseme hivyo.

Amekataa.

"Papa Mutetezi, mimi ni mugonjwa. Sema mugonjwa. Lakini nyumba ni yangu."

Nikamuita kichwa ngumu. Akanitazama mabega. "Na hii abakosi inakubana. Nani alikushonea, adui yako?"

Nimerudi na hasira. Na nimecheka njia nzima.

Alhamisi, tarehe 9

Sijala. Naogopa. Kesho nikisema "ndiyo, mugonjwa", Kisimba si ameshashinda? Papa Lubunda atalala wapi?

Nimekwenda kwa jirani yake Mama Feza, muuza samaki wadogo wa ndagala, kutafuta shahidi. Akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo. Wa nyumba ya Papa Lubunda. Anasema Papa Lubunda akianza kukosa usingizi, sauti zikiwa bado hazijafika, anakuja mwenyewe: "Mama, inakuja. Shika ufunguo, nipeleke hospitali." Kila mara njo hivyo.

Nilisimama katikati ya ndagala kama muntu aliyepigwa kofi. Mupango wangu wa malaria, takataka.

Ijumaa, tarehe 10

TUMESHINDA!

Kisimba alisema mukubwa wake anaongea peke yake. Nikasimama: ndiyo, ni mugonjwa. Kisimba akapiga makofi, mujinga. Nikamuita Mama Feza na ufunguo wake. Halafu Papa Lubunda akaeleza mwenyewe, polepole, kama anapima kitambaa. Hakuficha kitu.

Nikamugeukia Kisimba: "Na wewe ukilewa, ufunguo unamuachia nani?"

Tribinali ikapasuka. Muke wa Kisimba njo alicheka kupita wote. Juji alijifunika mudomo, nilimuona. Akasema sitwayen, raia anayejua saa ya kuomba musaada, ana akili ya kutunza nyumba yake. Ombi limekataliwa. Meza zitoke leo.

Wauza ndagala walinibeba mpaka sokoni na vigelegele. Abakosi imepasuka kwapani. Haizuru! Nilicheza hivyo hivyo.

Jumapili, tarehe 12

Mvua. Nimeketi kwa Papa Lubunda, anashona kwapa la abakosi yangu. Kisimba alikuja, akasimama mulangoni. Papa Lubunda akamusogezea kiti. Wakanywa chai.

Niliandika kwamba sijashindwa hata kesi moja. Uongo. Nilikuwa nimeshindwa zote. Hii njo ya kwanza kushinda.