Punda Aliyesalimia Wazee

Jumatatu, 17 Machi

Gambuti tena. Suti tena. Mtungi wa maziwa mkononi, tope hadi kwenye vifundo, kutoka boma la mwisho hapa Sugoi mpaka barabarani. Nikifika narudi, naanza upya. Suti ni nyeusi, inabana kila mahali, ina vitufe vinavyonasa ninavyokunja goti na ninavyoinama, na kamera kifuani inayoona ninaokutana nao. Yote yanapelekwa kwa kompyuta kule mjini Eldoret, na kompyuta inamfundisha roboti kutembea kwenye tope kama mimi. Nikiulizwa nafanya kazi gani, nasema natembea. Watu wanacheka. Nami nacheka, lakini sijui tunachekea nini.

Mvua imeanza kweli. Kisigino kinauma.

Jumatano, 19 Machi

Niliitwa mjini kupimwa suti mpya. Makanga wa steji wanaita "Roboti! Roboti!" Nilidhani wanatania. Kumbe ndilo jina la kituo siku hizi, pale kwenye jumba la zamani la nguo ambako mama yangu alifuma mpaka likafungwa. Mahali pa mitambo ya kufuma wametundika miguu ya chuma, safu kwa safu. Mama alikuwa akirudi nyumbani na nyuzi kwenye nywele. Vijana wa sasa wanatoka na grisi kwenye vidole na wanaongea Kiingereza kitupu.

Duka la dawa za ng'ombe linauza betri na mota. Chuo cha ufundi kimefungua madarasa ya roboti, wale wa ushonaji wamesongamana kwenye chumba kimoja. Na Baba Faith, mume wangu, ameleta lori la mawe kwenye shamba letu la nyuma, lile nililolima tayari kwa kupanda. Anajenga vyumba vya kupangisha mainjinia. Hakuniuliza. Mji umeshika kasi na mimi ndiye ninayeufundisha kutembea, na bado sielewi unaenda wapi. Mbegu ya mahindi iko chini ya kitanda.

Ijumaa, 21 Machi

Leo roboti ameletwa Sugoi mara ya kwanza, njiani kwangu. Tunamwita Punda kwa sababu ya mizigo, ingawa ana miguu miwili na mikono miwili. Alibeba mtungi vizuri. Tope halikumshinda. Injinia Wafula, kijana wa Bungoma anayetusimamia, alikuwa anatabasamu peke yake.

Kisha Mzee Kiplagat akatokea kwenye pembe ya ua, na fimbo yake, polepole. Punda akasimama. Akaweka mtungi chini. Akainama kidogo, akanyoosha mkono.

Mzee akaupokea. "Chamgei," akamwambia, kama anavyowasalimia watoto wote wa hapa.

Tulicheka mpaka machozi. Mbele kidogo Punda akakutana na Mama Salina, jirani yangu mzee, akasimama tena, mtungi chini, mkono. Kisha mzee mwingine, na mwingine, maana ilikuwa saa ya kupeleka maziwa. Tulipofika barabarani gari la maziwa lilikuwa limeenda zake. Wafula hakucheka hata kidogo.

Jumatatu, 24 Machi

Wafula amenionyesha mwendo wangu kwenye skrini. Mtu wa vijiti vijiti, ndiye mimi. Anatembea, anaweka mtungi chini, anainama, anatoa mkono. Anabeba. Hatua chache, anaweka chini tena.

Nilijua nasalimia. Sikujua ni mara nyingi hivyo. Huwezi kumpa mzee mkono ukiwa umeshika mzigo, hilo nililijua labda kabla sijajua kuongea. Vijana nawapungia tu na kupita. Punda naye ni hivyo hivyo, vijana anawapita, mwenye fimbo anamsimamia. Ameshika kuliko watoto wangu mwenyewe.

Wafula ameandika ubaoni: KOSA. Chini yake: salamu. Nimeyatazama hayo maneno muda mrefu. Sijui kama nimetukanwa.

Jumanne, 25 Machi

Mkutano. Wageni wanakuja kabla ya Pasaka, wanunuzi kutoka vyama vya wakulima vya nchi za nje. Wakimpenda Punda, atatengenezwa hapa Eldoret, kila kipande, na vijana wote wa lile jumba wanabaki na kazi. Wasipompenda, mwenye kampuni anafunga na kuhamia Nairobi. Aliyasema mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya upole. Ile sauti ndiyo iliyonitisha.

Dawa yake: nitembee upya. Njia ile ile, saa ya maziwa, watu wale wale. Nisisimame. Nikasema basi acha niwaeleze wazee kwanza.

"Hapana, Mama Faith," Wafula akasema. "Wakijua watakupisha tu. Punda lazima aone mzee ametoa mkono, na apite. Pole sana, lakini ndio hivyo."

Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Angekuwa mtu mbaya ningekasirika nikamaliza.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekasirika hata hivyo. Nilimuuliza Baba Faith. Akasema kazi ni kazi, tena vyumba vitahitaji wapangaji. Nikamuuliza kama yeye angeweza kumpita Mzee Kiplagat akiwa ametoa mkono. Akaenda kuangalia mawe yake.

Jumapili, 30 Machi

Mchungaji amewaombea wageni, ameombea Punda pia, kwa jina. Watu wakaitikia amina. Sijui kama inafaa. Niliitikia.

Mzee Kiplagat alikaa mbele yangu. Huyu ndiye aliyekaa mahali pa baba siku ya koito, watu wa Baba Faith walipokuja kuniposa. Baba alikuwa ameshafariki na wajomba walikuwa wanavutana. Mzee akanisemea vizuri hadi nikaona haya kule jikoni nilikojificha. Leo baada ya ibada ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauliza huyo mtoto wangu wa chuma anaendeleaje.

"Ana adabu," akasema. "Mmemlea."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema anaendelea vizuri.

Jumanne, 1 Aprili

Nimempita.

Alikuwa pale kwenye ua wa Mama Salina. Aliniona toka mbali, akahamishia fimbo mkono wa kushoto. Ndivyo anavyofanya akitaka kutoa wa kulia. Nikaangalia tope. Nikakaza mtungi. Nikapita karibu sana, nikasikia harufu ya moshi kwenye koti lake. Nyuma yangu akaniita kwa jina, "Rael?" kama mtu asiye na uhakika ameona nani.

Suti imenasa kila kitu. Sijui kama imenasa na jina langu.

Sikula.

Jumamosi, 5 Aprili

Wiki nzima hivyo. Mama Salina sasa anaingia ndani akiniona. Watoto wa njiani wananiita mimi Punda. Inasemekana nimevimba kichwa tangu nianze kufanya kazi na watu wa kompyuta. Nimekatazwa kujibu.

Mzee alikuwa akitoka kila siku. Kila siku alihamisha fimbo. Leo hakuihamisha. Alisogea kando, akageukia ua mpaka nikapita.

Wafula amepiga simu kusema data ni safi sana. Nikamwambia asante. Asante ya nini?

Jumatatu, 14 Aprili

Wageni wamekuja. Mwavuli juu ya kila mmoja, gambuti mpya zinazong'aa. Punda alitoka boma la mwisho hadi barabarani bila kusimama mahali popote. Aliwapita wazee wote. Mmoja alimtolea mkono, mzee aliyekuja kutembelea jamaa hapa na hakuwa na habari, na Punda akampita kama mti. Wageni wakapiga makofi. Wafula akanikumbatia mbele ya watu, kijana wa kuweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, akiwa analia. Nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana. Halafu nikamtafuta Mzee Kiplagat kwa macho kwenye ule umati na hakuwepo.

Jumamosi, 10 Mei

Wageni wamekubali. Mji umekuwa kitu kingine. Kampuni ya ndege ndogo za kunyunyizia dawa shambani imefungua karibu na jumba letu. Nyingine ya mikono ya chuma ya kuchambua mahindi inatafuta nafasi. Vyumba vya Baba Faith vimejaa kabla ya madirisha kuwekwa, mpangaji mmoja ametoka Kisumu, mwingine sijui nchi gani, anapenda sana ugali. Darasani kwa Faith mwalimu aliwauliza watoto wanataka kuwa nini. Zamani jibu lilikuwa mwanariadha. Sasa ni roboti. Hata si injinia wa roboti. Roboti.

Nimepandishwa cheo. Mimi ndiye msimamizi wa watembeaji, wasichana wa chuo wenye miguu mizuri na mikono isiyojua mtungi. Siku ya kwanza huwa nawafundisha jambo moja kabla ya yote: msisimame. Wananiangalia. Wengine wanaandika.

Nimeenda kwa Mzee kumweleza, maana sasa naruhusiwa. Yuko Timboroa kwa binti yake, tangu ile wiki ya wageni. Nilirudi tena juzi. Bado. Sijui kama alikwenda kusalimia au alikwenda kwa sababu ya njia yetu. Nimeshindwa kuuliza.

Jumapili, 18 Mei

Hakuna mvua leo. Baada ya kanisa nilipita njia ya maziwa kwa miguu, viatu vya Jumapili, mkoba tu. Suti iko mjini. Nilikuwa nawaza ile mbegu chini ya kitanda, kama bado itaota au nimpe mtu mwenye shamba.

Mbele kulikuwa na mtu anayekuja polepole. Nikaangalia chini. Nikapita.

Sikuamua. Miguu ilipita yenyewe. Nilifika kwenye ua wa Mama Salina ndipo pua ikaniambia, ule moshi wa koti. Nikasimama pale.

Nikarudi. Alikuwa amesimama, hajageuka. Nikazunguka nikawa mbele yake, nikaweka mkoba chini kwenye tope, nikainama, nikatoa mkono.

Mzee Kiplagat aliutazama mkono wangu.

"Leo ni wewe," akauliza, "ama ni ile kazi?"

Nikamwambia ni mimi.

Akahamishia fimbo mkono wa kushoto.