Mwari Walioruka

Belgradi, 18 Machi 1987

Dada Milosava mpendwa,

Shikamoo. Habari za ziwani? Mama anaendeleaje na magoti yake? Mimi mzima, ila moshi wa makaa wa huku utanimaliza kabla ya uzee.

Nina ombi, tena kwa shemeji zaidi kuliko kwako. Nataka kupiga picha wale ndege mwari wakiwa wamelalia mayai, kule kwenye visiwa vya matete vinavyoelea. Najua msimu huu watu hawaruhusiwi kusogea, na najua mlinzi wa ndege ni shemeji Krsto mwenyewe. Ndiyo maana naandika. Mwambie siji na bunduki, nakuja na kamera. Tutakaa kwa mbali, kidogo tu, halafu turudi kula samaki wako wa kukaanga. Akikataa, mwambie mama azungumze naye. Hajawahi kumnyima mama kitu.

Mdogo wako,
Vidak

*

Ziwani, 26 Aprili 1987

Mdogo wangu Vidak,

Marahaba. Mama hajambo, magoti ni yale yale. Anakuulizia, maana mliporudi na boti uliondoka hata kahawa hukunywa, tukadhani umeugua.

Sasa Krsto amenieleza. Anasema mlikaa mkaangalia, ndege wametulia, ukapiga picha zako, kisha ukalalamika kwamba wamekaa kama kuku. Akaanza kugeuza boti. Hapo ukanyakua kasia ukapiga ubavu wa boti kwa nguvu, ukapiga tena, mpaka kisiwa kizima kikaruka. Anasema ulikuwa unacheka.

Mwari hawakurudi mapema. Waliowahi ni kunguru. Krsto alikwenda kesho yake akakuta maganda, na mwari mmoja amelalia kiota kitupu. Hakunieleza kwa hasira, Vidak. Alinieleza kama mtu aliyefiwa. Mwandikie umwombe radhi, yaishe.

Dada yako,
Milosava

*

Belgradi, 9 Septemba 1987

Dada mpendwa,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Hamjambo wote? Mama analala vizuri?

Ile picha ya mwari wakiruka imepata tuzo ya kwanza. Msomee mama, ajue amezaa nini. Kuna msomi mmoja wa ndege ameandika kwamba mwari hawaachi mayai namna ile mpaka wafukuzwe, na anauliza nani aliwafukuza. Mwandishi wa gazeti akanijia nyumbani, ikabidi nijibu kitu. Mkisikia maneno, msiyatie moyoni. Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Vidak

*

Ziwani, 4 Oktoba 1987

Vidak,

Kwetu si kuzuri. Gazeti limefika. Umesema kwamba mwendesha boti, mtu wa kijijini, alipiga kasia ili akufurahishe, kabla hujamzuia. Jina hukulitaja, lakini ziwa hili lina mlinzi mmoja wa mwari.

Wakubwa wake walimwita wakamvua koti la kazi palepale ofisini. Alirudi na shati, mvua inanyesha. Mkahawani akiingia, wanaume wanagonga meza kwa vijiko na kumwambia, “Krsto, tufurahishe.”

Mezani nilimweleza mama ukweli. Krsto alikuwa anamkatia nyama vipande vidogo, kama kila siku, maana mikono ya mama haina nguvu. Mama akamtazama akasema, “Vidak nimemzaa mimi, hasemi uongo. Wewe umeletwa na ndoa.”

Krsto aliendelea kukata.

Nakuomba jambo moja. Liandikie gazeti kwamba kasia ulishika wewe.

Dada yako,
Milosava

*

Belgradi, 1 Novemba 1987

Dada mpendwa,

Shikamoo. Afya zenu? Usiniandikie kwa ukali, sisi tumenyonya titi moja.

Nimefikiri sana. Nikisema hayo, tuzo itarudishwa, na maonyesho ya Vienna yatavunjika, nami nitakuwa nimekwisha. Krsto amepoteza koti tu. Watu wa kwetu hucheka mwezi mmoja wakachoka. Mama peke yake ndiye aliyenielewa. Mbusu kwa niaba yangu, mwambie kwangu chumba chake kipo siku zote.

Mdogo wako,
Vidak

*

Ziwani, 29 Novemba 1987

Vidak,

Nimemsomea mama pale pa chumba tu. Alilia kwa furaha. Kwa hiyo leo nimemfungia nguo na dawa nikampandisha basi la Belgradi. Anadhani anakuja kutembea, nami nimemwacha adhani hivyo.

Usiku lazima ageuzwe. Ngazi hawezi. Krsto hajui lolote, yuko machimboni anavunja mawe, maana hata boti lilikuwa la kazi, wamelichukua. Akirudi nitamwambia mama ameitwa na mwanawe.

Milosava

*

Belgradi, 15 Februari 1988

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika baada ya mama. Alikaa kituoni kutwa nzima, akiwaambia watu mwanawe ni mpiga picha mashuhuri, mpaka askari walipomleta.

Mimi nakaa ghorofa ya tano. Tangu apandishwe hajashuka. Nikienda kazini namfungia mlango kwa nje. Siku moja aliitazama ile picha ukutani akauliza nani kawatisha ndege. Nikamwambia ni mimi. Akauliza Krsto atakuja saa ngapi kumchukua. Sasa anauliza kila asubuhi. Nyama nikimkatia mimi, anaisukuma.

Gazeti nimeliandikia. Wamenijibu kwamba habari hiyo imeshapoa. Dada, nakupigia magoti, mchukueni mama.

Mdogo wako,
Vidak

*

Ziwani, 1 Machi 1988

Vidak,

Krsto aliisoma barua yako kabla yangu. Alivaa viatu, akaazima gari la jirani aje kumchukua mama. Nilisimama mlangoni nikamwambia, siku mama anaingia ndani ya nyumba hii, mimi natoka. Achague.

Amerudisha gari. Amekaa kizingitini, viatu bado miguuni, hataki kuniangalia.

Mama ni wako. Mwambie kwamba Krsto haji. Usimwambie nani kamzuia, mwache adhani ni Krsto mwenyewe hakutaka. Wewe kazi hiyo ya kumsingizia unaijua.

Usiniandikie tena.

Milosava,
mke wa Krsto